Dawa Moja, Dada Wawili

Mama yangu hakufa kwa kukosa dawa. Nalitanguliza hili kwa sababu watu wakisikia mtu wa Garissa amekufa na ugonjwa wa sukari, moja kwa moja wanafikiria ukame, barabara mbovu na zahanati iliyofungwa kwa kufuli, kisha wanatikisa kichwa kwa ile huruma ambayo mimi nimeichoka. Mama alikuwa na dawa. Ilitoka ng'ambo ndani ya masanduku ya barafu, ikapokewa kwa hotuba, na jioni ya mwisho alidungwa na mtu aliyesomea kazi hiyo na aliyeifanya kwa upole. Dawa yenyewe ndiyo iliyomwondoa.

Tulikuwa tunaishi mtaa wa Iftin mjini Garissa, mimi, mama na wanangu, katika nyumba aliyoijenga baba kabla hajatangulia. Sukari ilimwingia mama polepole. Alikuwa anakunywa maji mchana na usiku, na nilipomwambia hiyo si kawaida alinijibu, "Nani hanywi maji Garissa?" Akakonda, akasema ni joto. Macho yakaanza kuona ukungu, akasema ni vumbi. Siku alipokubali kupimwa, kile kipimo cha kutoboa kidole hakikutoa hata namba. Kilionyesha tu kwamba sukari imepita uwezo wake wa kuhesabu. Mama aliniuliza kimesema nini. Nikamwambia mashine imeshindwa. Alicheka kwa fahari, kana kwamba amemshinda mtu kesi.

Mdogo wake naye alikuwa na sukari. Huyo ni habaryar wangu, ndivyo tunavyomwita mama mdogo kwa Kisomali, na yeye anakaa Diff, mji mdogo wa Wajir Kusini ulio mpakani kabisa na Somalia. Katika watoto wa nyanya yangu walikuwa wamebaki hao wawili tu. Mama ndiye aliyembeba mgongoni wakati wa ukame uliowamaliza ng'ombe, wakifuata maji na kundi lililokuwa likipungua kila siku, na mpaka uzeeni mama alikuwa bado anamzungumzia kama mtoto mchanga aliyemwacha peke yake nyumbani. Mbuzi wao walikuwa wa pamoja. Hakuna aliyejua yupi ni wa nani, na ukiuliza ulionekana una roho mbaya.

Kabla ya mradi, insulini ilikuwa ya kubahatisha. Leo ipo kwenye duka la dawa mjini, kesho haipo, na ikiwepo basi mbuzi mmoja anaaga dunia. Ndipo mradi ukaja.

Siku ya uzinduzi mahema meupe yalipigwa karibu na kliniki, viti vya plastiki vikavishwa vitambaa, na wageni wakafika kwa magari yenye vioo vyeusi. Serikali ilikuwa imetoa jengo na wauguzi. Kampuni ya dawa kutoka ng'ambo ilikuwa imeleta insulini ya bei nafuu, friji na vipimo. Walipeana mikono mbele ya kamera, wakaiachia, wakaambiwa wapeane tena. Mmoja baada ya mwingine alisimama akaeleza jinsi sukari, presha na magonjwa ya moyo yanavyoua watu dunia nzima, na kwamba hakuna serikali wala kampuni itakayoyaweza peke yake. Kisha tukagawiwa soda. Wagonjwa wa sukari wote wa Garissa walikuwa wamekusanywa chini ya hema moja, kila mmoja na soda yake ya machungwa mkononi. Nilimnyang'anya mama ya kwake, naye akaninunia mpaka Ijumaa.

Neno lililotajwa sana siku hiyo lilikuwa ubia. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, kwa hiyo tukiwa njiani kurudi mama aliniuliza maana yake. Nikamwambia ni watu wawili kuwa na mali moja, kila mmoja akitoa alicho nacho. "Kama mimi na mdogo wangu," akasema. Nikamjibu ndiyo, kama mbuzi wenu. Jambo hilo lilimpendeza sana, kwamba wazungu na serikali hatimaye wamejifunza kufuga.

Nitakuwa mwongo nikisema mradi ulikuwa mbaya. Mama alinenepa. Macho yalirudi, akaweza tena kutunga uzi kwenye sindano ya kushonea bila kuniita. Kila mwezi alikwenda kliniki na kadi yake, akapimwa, akapewa vichupa vyake, na wakati wa kungoja mwalimu wa afya aliwasomesha wagonjwa kwenye benchi kwa Kisomali: sukari kwenu ni sumu, chai ya sukari ni sumu, halwa ni sumu, na nyinyi jamaa msimpe mgonjwa hata akilia. Aliyarudia maneno hayo mpaka mtaa mzima ukayakariri. Vichupa tulivihifadhi kwenye friji ya duka la jirani, katikati ya maji baridi na maziwa ya ngamia, kwa sababu insulini ikikaa nje kwenye joto letu inaharibika, nasi nyumbani hatukuwa na friji.

Habaryar alipokuja kujiandikisha, alikataliwa. Nilikwenda naye mwenyewe. Karani alikuwa mwanamume mpole aliyevaa fulana ya mradi. Alitazama kitambulisho, akasema makubaliano ya mradi ni ya wakazi wa huku tu, na Diff iko kaunti nyingine.

"Kwani ugonjwa unasoma kitambulisho?" nikamuuliza.

"Pole, madam. Hata mimi nimeambiwa tu."

"Mwite aliyekuambia."

"Yuko Nairobi."

"Basi mpigie."

Hakumpigia. Alinitazama kwa uchovu wa mtu ambaye ameshaulizwa hivyo na wengine asubuhi hiyo hiyo. Habaryar alinivuta mtandio, akanong'ona kwa Kisomali kwamba namwaibisha, tuondoke. Nimekuwa mtu wa hasira tangu utotoni na hasira yangu haijawahi kumpatia mtu kitu. Tuliondoka mikono mitupu, yeye akiwa mbele.

Mama alikuwa ametungojea na sinia la anjera, chapati zetu laini. Alisikiliza habari yote, kisha akasukuma sinia katikati. Kwetu chakula huwekwa katikati. Mtu akijipakulia na kwenda kula pembeni, anaulizwa kama ni mgonjwa au amegombana na watu. Na dawa, kwa mama, ilikuwa kitu kinachoingia mwilini kama chakula, hakuona ni kwa nini ifuate sheria nyingine. Mwezi ule ule vichupa vikaanza kusafiri. Nilimwona akivifunga kwa kitambaa kibichi, akivitia ndani ya thamosi yenye barafu, na kumkabidhi dereva wa gari la miraa, kwa sababu katika nchi yetu gari la miraa ndilo pekee lisilochelewa. Nilimuuliza ni dawa gani hiyo anayotuma.

"Hii imebaki, hooyo," akasema. Kwetu mama humwita mwanawe hooyo, yaani mama, kama vile mwana anavyomwita yeye.

Niliamini kwamba imebaki. Kliniki ilikuwa na mkono mkunjufu, nami nilidhani wamemzidishia.

Haikuwa imebaki. Hilo nililijua baadaye, lakini nalisema hapa ili anayesoma asipotee kama nilivyopotea mimi. Siku ile ya kukataliwa, niliporudi shuleni kufundisha, dada hao wawili walibaki kwenye mkeka wakakubaliana. Kadi ya mama ilisema ajidunge dawa mpaka mstari fulani wa sindano. Kila mmoja angeishia nusu ya hapo, mama akiwa Iftin na mdogo wake akiwa Diff, asubuhi na jioni, na Mungu angetimiza iliyopungua. Hawakumwambia mtu. Karani alikuwa ameeleza vizuri kwamba dawa ni ya mwenye kadi peke yake, na mama aliogopa kwamba wakigundua watamfutia kadi, wakose wote wawili.

Sukari yake ikaanza kupanda tena. Muuguzi wa kliniki alikuwa mwanamke kutoka Ukambani aliyempenda mama na kumtania kila mara, lakini safari hiyo alimkunjia uso. Nilikuwapo. Mama alikataa nimtafsirie.

"Mama, unakunywa chai ya sukari?"

"Habana, sista. Wallahi."

"Na dawa unapiga?"

"Nabiga."

"Unapiga yote?"

"Yote nabiga. Asubuhi nabiga, jioni nabiga. Iko fizuri tu."

Kiswahili cha mama kilikuwa cha kununulia nyanya, na hata angetaka kueleza mengi kisingemtosha. Muuguzi hakuwa na sababu ya kutomwamini. Daktari akaongeza dawa kwenye kadi, na mwezi uliofuata akaongeza tena. Kila alipoongezewa, mama alirudi nyumbani amechangamka, akapika wali wa nyama, nami nikamtania kwamba ndiye mgonjwa wa kwanza niliyemwona akisherehekea kuzidiwa. Kumbe alikuwa na hesabu zake: wakiongeza, nusu ya kila mmoja inakua. Na kweli, mwishowe ile nusu ilitosha. Sukari ilishuka, ya kwake na ya habaryar. Kwenye kadi sasa kulikuwa kumeandikwa dawa ya watu wawili kwa jina la mtu mmoja, na kliniki nzima ilifurahi. Wageni wa kampuni walipokuja kukagua kazi yao, muuguzi aliwaletea mama kama mfano wa mgonjwa anayefuata maagizo. Alipigwa picha akicheka.

Kisha akakanyaga mwiba. Miguu ya wagonjwa wa sukari hufa ganzi, na mwiba wa mgunga ulipenya ndala ukakaa nyayoni bila yeye kuhisi. Alikuwa akinificha mguu chini ya gauni lake refu la baati mpaka harufu ikamsaliti. Nilipiga kelele, nikalia, nikamwita majina ambayo mtu hamwiti mama yake, na yeye akanitazama tu, akaniambia niite gari kama nimemaliza. Alilazwa siku hiyo hiyo katika wodi ya akina mama. Nilimpa muuguzi wa wodi kadi ya kliniki, kama mtu yeyote angefanya.

Jioni muuguzi huyo alikuja na trei. Alisoma kadi, akaisoma tena kwa uangalifu, akavuta dawa mpaka pale palipoandikwa. Nilikuwa nimekaa upande wa miguu nikimpepea mama kwa kipande cha boksi. Mama aliitazama ile sindano. Akanitazama mimi, kisha akamtazama muuguzi.

"Mama, tayari?"

"Biga," akasema mama. Akafunua tumbo, akataja jina la Mungu, akadungwa.

Chakula cha jioni kilikuwa ugali na sukuma wiki, chakula ambacho mama hakuwahi kukiheshimu. Alimega kidogo, akasukuma sahani, akasema atangojea anjera yangu ya asubuhi. Wageni walipoanza kutolewa nje alinishika mkono, akaniambia nisisahau thamosi ya habaryar, gari linaondoka kesho. Nikamwambia alale, mambo ya thamosi aniachie. Ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake, na si mabaya, lakini ningependa yangekuwa mengine.

Asubuhi nilifika na anjera bado ina moto ndani ya kikapu, na kitanda cha mama kilikuwa kimezungushiwa pazia.

Aliyenieleza ni mwanamke wa kitanda cha jirani, mkimbizi wa kambi za Dadaab aliyelazwa kwa presha. Alinieleza kwa Kisomali huku akilia, akijifuta kwa ncha ya mtandio wake wa garbasaar. Alisema mama aliamka anatetemeka, nguo zimelowa jasho. Alisema aliomba chai. "Alituambia, nipeni chai, tieni sukari. Na chai ya sukari tulikuwa nayo, hapa hapa, kwenye thamosi yangu. Tukamwambia, walaal, dada yetu, wewe ni mgonjwa wa sukari, tukikupa tutakuua. Aliomba tena na tena. Tukampa maji, tukamfuta jasho, tukamsomea Kurani. Akatulia. Tukasema alhamdulillah, amelala."

Wote walikuwa wamesomeshwa vizuri. Kikombe kimoja cha ile chai kingemrudisha, hilo nimelijua sasa, na walimnyima kwa mapenzi. Muuguzi alipofika kwenye zamu yake mama alikuwa haamshiki. Walimtundikia maji ya sukari kwenye mshipa, wakahangaika naye mpaka jua likatoka, lakini walikuwa wamechelewa. Nilijaribu kuwakasirikia wanawake wale na sikuweza. Yule wa Dadaab alikuwa ameshika ile thamosi mapajani kana kwamba ndiyo imefanya kosa.

Daktari alinikalisha ofisini. Alikuwa kijana, na alionekana hajalala. Alinieleza kwamba sukari ya mama ilishuka mno, kwamba alikula kidogo, kwamba mwili wenye kidonda kibaya hautabiriki. Kisha akaniuliza, "Nyumbani alikuwa anapiga dawa yote hii?"

"Ndiyo," nikamjibu, kwa sababu ndivyo nilivyojua.

Akaandika. Alibaki akiitazama ile kadi kama mtu ambaye hesabu yake imekataa kutoka. Akanipa pole, nikaipokea.

Tulimzika alasiri ile ile, kama dini inavyotaka. Habaryar alifika maziko yakiwa yamekwisha. Alikuja kwa lile gari la miraa, likirudi tupu, na alishuka mlangoni kwetu ameshika ile thamosi ya mwezi uliopita, aliyoileta ijazwe, kwa sababu alipoondoka Diff alikuwa ameambiwa tu kwamba dada yake ni mgonjwa sana. Nilimwambia pale pale kwenye vumbi. Hakulia. Aliingia ndani, akaketi mahali pa mama kwenye mkeka, akakaa hapo kwa siku zote za matanga na macho makavu, mpaka wanawake wakaanza kunong'onezana kwamba watu wa mpakani wana mioyo migumu.

Wageni walipopungua tulibaki wawili jikoni. Nilikuwa nasugua masufuria, yeye akinisuuzia. Naamini alitaka kunifariji.

"Hooyo," akaniambia, "mama yako hakula kitu peke yake maisha yake yote. Hata dawa. Kile kilichoandikwa kwenye kadi tulikigawa katikati, nusu yangu, nusu yake, kwa saa ile ile. Mimi nikijidunga Diff, najua na yeye anajidunga Iftin."

Niliweka sufuria chini. Nilitoka uani bila viatu nikasimama juani mpaka nyayo zikaungua, na kila kitu kikajipanga chenyewe: furaha yake alipoongezewa dawa, wageni wa kampuni na kamera yao, muuguzi akisoma kadi mara mbili, mama akiitazama sindano. Miezi yake yote ya mwisho alikuwa amejidunga nusu, na hospitalini akapewa nzima.

Nilikuwa na hasira na kila mtu. Na karani wa fulana na bosi wake wa Nairobi. Na wale waliokaa mahali fulani kwenye kiyoyozi wakachora mradi wa kuokoa dunia nzima, kisha wakaukata kabla haujafika Diff. Na mama, kwa ujanja wake. Na habaryar pia, kwa kuwa yeye yuko hai. Hiyo ya mwisho ilipita haraka, nashukuru, ikaniacha nimechoka na ninamwonea huruma kuliko nilivyowahi kumwonea mtu. Niliamua hatajua. Ataishi miaka iliyobaki akiamini ni mguu uliomuua dada yake. Hakuna Mungu atakayenihukumu kwa kumficha jambo kama hilo.

Kliniki walituma ujumbe kwa simu kwamba dawa ya marehemu irudishwe. Sikujibu. Nilikwenda kwa jirani, nikatoa vichupa vyote kwenye friji ile, na nikampa habaryar, kwa kuwa kesho yake alikuwa anarudi kwake na hakukuwa tena na mtu wa kumtumia vingine. Vilikuwa vya mwisho, na sote wawili tulilijua hilo.

Baada ya swala ya alasiri aliketi kwenye mkeka ajidunge. Nilikuwa nafagia. Alichukua kadi ya mama, akaisogeza karibu na macho, kwa sababu yake yalikuwa yameharibika kuliko ya mama, akatafuta namba ya mwisho iliyoandikwa. Kisha akavuta dawa. Akapita nusu, akaendelea kuvuta.

"Habaryar," nikamwambia, "mbona nyingi?"

"Sasa hakuna wa kugawana naye." Alisema kwa utulivu, bila kuacha kuvuta. "Tangu nianze dawa hii sijawahi kupiga nzima hata siku moja. Nataka nipige kama alivyoandikiwa yeye. Angefurahi."

"Punguza. Lazima ikufikishe mbali."

"Mungu ataleta nyingine."

"Piga nusu, habaryar, nakuomba. Umeizoea nusu."

"Niliizoea kwa sababu yake," akasema, akaanza kufunua tumbo.

Nilitupa ufagio nikamshika mkono. Nilimshika kwa nguvu, mtu mzima, mama yangu mdogo, na sindano ikiwa katikati yetu. Alinitazama kwa mshangao, na uwongo wote niliokuwa nimeuandaa ukanitoka kichwani. Nikamwambia. Nikamwambia kwamba kiasi kile kilichoandikwa kwenye kadi mwili wa mama haukuwahi kukipokea mpaka jioni ile ya hospitalini, na kwamba kilipoingia chote sukari ilishuka mpaka akazimika, na kwamba yeye naye akikipiga chote nitamzika kando ya dada yake. Nilisema haraka haraka, macho yangu yakiwa kwenye sindano.

Nikamwachia mkono. Alama za vidole vyangu zilibaki kwenye ngozi yake.

"Alimwona muuguzi akivuta?" akauliza.

"Ndiyo."

"Ilikuwa mchana? Aliiona sindano vizuri?"

"Taa ilikuwa inawaka. Aliiona."

"Basi alijua," akasema. "Alijua nusu ile ni yangu. Angesema hii imezidi, wangemuuliza nyingine huenda wapi. Akaipokea asinitaje."

Nilitaka kumwambia kwamba labda hakuelewa, labda alidhani hospitali wana sababu zao, labda aliona aibu tu. Yote hayo yanawezekana, na mimi mpaka leo sijui. Lakini yeye ndiye aliyebebwa mgongoni na mtu yule, alimjua kuliko mimi.

Alininyooshea sindano.

"Nitolee nusu yake," akasema.

Nilichukua kichupa, nikairudisha dawa ndani taratibu mpaka ikabaki pale walipokubaliana. Nikamdunga tumboni, nikatoa sindano, nikamkandamizia kidole. Hapo ndipo habaryar alipolia, kwa sauti kubwa, akimwita dada yake kwa jina la utotoni ambalo mimi sikuwahi kulisikia.